Miaka Tisa, Mkeka Mmoja

Anayetaka hadithi ya kumchekesha asogee awapishe wengine, maana kicheko kilichomo humu ni kidogo na hata hicho kitakukwama kooni. Ni habari za Sikudhani binti Mwinjaka, mwonja udongo, na nchi ya Tarajani alikokwenda kumtazama mdogo wake. Alipanda nini, alipita wapi, alilala kwa nani, tusichoshane. Alifika. Kufika hakukuwa tatizo.

Kazi yake lazima muijue kwanza. Kwao, mtu akirithi shamba humwita Sikudhani kabla hajashika jembe. Huinama, akachukua chembe ya udongo kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini, akafumba macho, kisha akatema na kusema: hapa weka muhogo, pale usijisumbue, kule palikuwa na zizi zamani. Hakukosea mara nyingi. Alikuwa mkaidi, mwanamke wa kusema neno mara moja, na duniani alibakiwa na ndugu mmoja tu, Mashavu, aliyeolewa Tarajani na seremala aitwaye Mzale. Barua ya mwisho ya Mashavu ilikuwa na mstari mmoja: njoo uone mwenyewe, dada, maana nikieleza hutaniamini.

Jambo la kwanza lililomtatiza huko ni salamu. Watarajani hawaulizani za asubuhi wala za watoto. Mtu anakuuliza, "Kule vipi?" nawe unatakiwa kujibu, "Kunatengenea." Kule ni nyota nyekundu inayotokeza juu ya vilima vyao jua likizama. Waliamua tangu enzi za babu zao kwamba watahamia huko, na kwa kuwa huko hakuna hewa, hakuna maji na hakioti kitu, basi watapatengeneza mpaka pakalike. Ukimuuliza Mtarajani habari za hapa, za mvua au za mguu wake unaochechemea, atageuza uso kwa haya, kama umemuuliza mbele za wakwe kama suruali yake ina kiraka. Sisi wazee wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wao wana msemo wao, umeandikwa juu ya mlango wa kila shule: Kitanda ulichozaliwa juu yake hukukichagua.

Jambo la pili ni sura ya nchi. Tarajani ina wilaya kumi na tano, na Sikudhani alizipita kumi na moja kabla ya kumfikia mdogo wake. Zote kumi na moja zilikuwa zimezungushiwa ukuta, na malango yake yalikuwa wazi, hayana mlinzi, na ndani mlikuwa na vumbi la kijivu, mawe, na nyumba chache zilizozama nusu. Hapakuwa na jani. Hapakuwa na inzi, na mahali pakikosa inzi, ndugu zangu, mjue pana kazi. Akainama, akaonja. Chumvi, na chini ya chumvi hakuna kitu. Alikwisha kuonja udongo uliochoka, udongo wenye njaa, udongo uliochomwa moto, lakini huu hakuwahi kuuonja. Akatema mara tatu na bado ulimi ukabaki mzito.

Ndipo akaingia Bonde la Lulunde, wilaya ya kumi na mbili, iliyokwisha kuzungushiwa ukuta mpya, na macho yakamuuma kwa ule ukijani. Chemchemi ilitoka chini ya mwamba, ikapita nyuma ya jiko la Mashavu, ikanywesha magimbi, migomba na mchicha mpaka kwa jirani wa mwisho. Mashavu alimpokea dada yake kwa kumkumbatia muda mrefu. Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi ya serikali. Ilisema kwamba wilaya hii imepewa heshima ya kusawazishwa, na kwamba kazi itaanza baada ya siku ishirini.

Shemeji Mzale ndiye aliyeeleza, na alieleza kwa furaha, maana alikuwa amekwisha kupewa beji. Hakuna anayeweza, alisema, kujifunza kuhuisha nchi iliyokufa kama hana nchi iliyokufa ya kujifunzia. Tarajani, kwa bahati mbaya, ilikuwa nchi ya rutuba tangu mwanzo. Kwa hiyo wataalamu huteua wilaya moja, wakaondoa udongo wa juu, wakaziba maji kwa zege, wakaua kila kinachoota, mpaka wilaya ikalingana na Kule. Huko ndiko kusawazisha. Kisha hujaribu kuihuisha. Wakazi hawahamishwi. Hubaki ndani kama Wakazi wa Mfano, wakaishi kama watakavyoishi wenzao Kule, kwa vikombe vitatu vya maji kwa siku: viwili vya kunywa, kimoja cha kunawa. Ni sifa kubwa. Nyimbo zao huimbwa shuleni.

Sikudhani akamuuliza wako wapi Wakazi wa Mfano wa zile wilaya kumi na moja.

"Wengi wametangulia, shemeji," akasema Mzale, akiifuta beji yake kwa kidole gumba.

Mashavu alikuwa jikoni akimenya magimbi. Hakuinua kichwa. Baadaye, walipokuwa wawili tu mtoni wakiosha vyombo, alimwambia dada yake kwamba hataki. Hakulia. Alisema hataki kama mtu anavyosema hataki chumvi zaidi kwenye mchuzi, na Sikudhani aliyemlea tangu mama yao afariki akajua kwamba hapo ndipo penye hofu kubwa. Wakati huo waliokataa walikuwa hawaruhusiwi kuondoka, kwa sababu sampuli ikipungua jaribio huharibika.

"Ukisema wewe watasikiliza," Mashavu akamwambia. "Wanapenda sana wageni wanaojua udongo."

Basi Sikudhani akafunga kanga kiunoni akaenda mji mkuu kumwona Msawazishaji Mkuu.

Alitegemea kukuta jitu la kutisha. Akamkuta Bi Zawena, mama mpole mwenye miwani ya kamba, aliyemwandalia chai kwa mikono yake mwenyewe na kumuuliza, kwa moyo safi kabisa, Kule vipi. Uovu wenye pembe tungeukimbia mapema. Huu unaokumiminia chai ndio unaotumaliza. Sikudhani akamweleza haja yake, akamuuliza mbona wasifanye mazoezi yao katika zile wilaya kumi na moja, kwani hazijafa vya kutosha?

Bi Zawena akahuzunika. Akasema zile zimeharibika. Kila moja ilikwisha kujaribiwa ikashindikana, ikamwagiwa dawa, ikatiwa mbolea, ikachimbwa na kufukiwa, hata sasa haifanani tena na Kule. Ili jaribio liwe la haki, panatakiwa kifo safi.

"Kwetu," akasema Sikudhani, "mganga hamtii mtu ugonjwa ili ajifunze kutibu."

"Ndiyo maana kwenu bado mko kwenu," akajibu Bi Zawena, bila kejeli hata chembe, akamwongezea chai.

Hata hivyo alimpa alichotaka. Baraza lingekaa baada ya siku nane, na mgeni mwenye ujuzi alikuwa na haki ya kusema mara moja. Akampa pia ruhusa ya kwenda popote kukusanya ushahidi. Sikudhani akaamua kwenda Wilaya ya Kwanza, ile kongwe kuliko zote, iliyokufa miaka thelathini iliyopita, mpakani kabisa. Alitaka kuwaonyesha Barazani kwamba miaka thelathini ya akili zao na dawa zao haijaotesha hata ukoka. Mtu akiuona ubatili wa kazi yake waziwazi, alidhani, ataiacha. Maskini Sikudhani. Udongo aliujua, watu hakuwajua.

Wilaya ya Kwanza alitembea asubuhi nzima bila kumwona mtu. Wakazi waliosalia hawakufika ishirini, na hakuna aliyewajali tena. Gari la maji lilikuja, likawapimia vikombe vyao, likaondoka. Nyumba ya mwisho, iliyoegemea ukuta, ilikuwa ya kikongwe aitwaye Bi Nyamvula. Alikuwa mwembamba kama ufito, na alipomwona mgeni akakimbilia kutandaza jamvi kwenye pembe ya uwanja, akakaa juu yake, akakataa kuinuka hata kwa salamu.

Mtu anayekaa juu ya kitu ili kisionekane, watoto humjua, seuze Sikudhani. Akakaa naye. Akampa maji ya kibuyu chake. Hakumuuliza lolote. Jua lilipoanza kupinda kikongwe akasogea, akafunua jamvi, na chini yake kulikuwa na majani.

Ulikuwa ukoka wa kawaida, ule tunaoukanyaga bila kuutazama, na kati yake mimea miwili ya kunde. Kipande chote kilikuwa na upana wa mkeka wa mtu mmoja. Sikudhani alipiga magoti. Akachukua chembe, akaiweka ulimini, na machozi yakamtoka kabla hajajua yanatoka. Ulikuwa udongo. Mpya, dhaifu, kama uji wa mgonjwa, lakini udongo.

Bi Nyamvula akaeleza kwamba ni kikombe chake cha kunawa. Kila siku hunawa uso na miguu juu ya pembe ile, na amefanya hivyo miaka tisa. Mumewe na wanawe wanne walikuwa wametangulia, hana wa kumpikia, akaona atunze hapa. Akamshika Sikudhani kifundo cha mkono kwa vidole vikavu.

"Usiseme, mwanangu. Wakijua watanisaidia."

Sikudhani akaapa kwamba hatasema. Na siku ile alipoapa alikuwa mkweli.

Akarudi kwanza Lulunde, na huko akamsimulia Mashavu, kwa kuwa kumsimulia ndugu yako wa pekee si kusema. Mashavu akauliza mara mbili kama ni kweli, kunde kabisa? Akaonekana kupata nguvu kidogo, akala usiku ule kwa mara ya kwanza tangu karatasi ibandikwe.

Baraza la Tarajani hukaa ukumbi wa mviringo usio na dirisha, ili mawazo yasivutwe na mandhari. Wajumbe wamegawanyika makundi mawili, na uadui wao ni wa vizazi. Kundi la kwanza husema nyota ibadilishwe ifanane na watu. Waoteshe moto ncha zake, wayeyushe barafu yake, waisubiri hewa inenepe. Miaka elfu, wanakadiria, labda elfu tatu. Kundi la pili husema watu wabadilishwe wafanane na nyota. Kwa hiyo shule zao zina somo la kubana pumzi, na kila mwaka mwanafunzi anayezimia wa mwisho hupewa cheti. Siku ile walibishana tangu asubuhi kama Kule vyoo vielekezwe mashariki au magharibi. Watu wazima walishikana mashati. Mjumbe mmoja mzee aliuliza kwa sauti ya chini nani atakuwa hai hiyo miaka elfu tatu ikifika, akatolewa nje kwa kukosa adabu.

Kisha wakampa mgeni nafasi.

Sikudhani alisimama akasema alichokusudia. Akawaeleza alichokionja katika wilaya kumi na moja. Akawaambia nchi haikopwi kama sufuria, ukaivunja ukanunua nyingine. Waliandika kila neno, wakatikisa vichwa kwa heshima, na Bi Zawena akamshukuru, akauliza kama kuna pingamizi lolote la kitaalamu dhidi ya kusawazisha Lulunde kesho kutwa. Hapakuwa na mkono uliopanda. Nyundo ilikuwa tayari hewani.

Hapo Sikudhani aliiona sura ya Mashavu akimenya magimbi bila kuinua kichwa, na kiapo kikamtoka kinywani chenyewe.

"Subirini," akasema. "Kuna mtu aliyeweza. Mtu mmoja, katika Wilaya ya Kwanza. Mnataka kujua alipata nini? Miaka tisa, kikombe kimoja kila siku, mikono yake miwili, na amepata majani ya upana wa mkeka. Mkeka mmoja! Hapa duniani, penye hewa, penye mvua nje ya ukuta. Sasa pigeni hesabu ya hiyo nyota yenu, halafu mniambie kama mtamuua mdogo wangu kwa ajili yake."

Nyundo ikashuka bila kugonga. Alidhani ameshinda. Niliwaambia hakuwajua watu.

Mzee wa kundi la kwanza akainuka taratibu, akasema, "Kumbe inawezekana." Wa kundi la pili, hasimu wake wa miaka arobaini, akamfuata akamkumbatia. Wakaanza kulia. Vijana wakatoa kalamu wakazidisha: vikongwe elfu moja, mikeka elfu moja; vikongwe laki moja, mikeka laki moja. Kikongwe mmoja aliyekata tamaa, bila mtaalamu, amehuisha nchi iliyokufa! Basi hofu yote iliyokuwapo kuhusu kusawazisha imekwisha, maana kinachoua kimepata dawa yake. Wakapitisha kwa kauli moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya Baraza lile, kwamba Lulunde isawazishwe mara moja, na zile wilaya tatu zilizobaki zisawazishwe mwaka huohuo badala ya kungoja zamu zao. Bi Zawena alishuka jukwaani akamshika Sikudhani mikono yote miwili. Akamwambia amewapa matumaini. Akamkabidhi hati yenye lakiri ya kiwanja namba moja, Kule, mahali penye mwinuko, bure.

Lulunde ilisawazishwa siku ya tatu, asubuhi njema isiyo na wingu. Udongo wa juu uliondolewa kwa matrekta, migomba ikasukumwa, na chemchemi ikazibwa kwa zege huku bendi ikipiga. Maji yalijaribu kutoka pembeni mara mbili. Mzale alisimama mstari wa mbele na beji yake, lakini zege lilipokwisha kukauka alionekana amelala kifudifudi juu yake, sikio chini. Akamwambia shemeji yake kwamba yapo, yanapita hapo chini, yanasikika kabisa. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeambiwa jambo asiloelewa bado.

Sheria ilimtaka mgeni atoke kabla lango halijafungwa. Mashavu alimsindikiza dada yake juu ya vumbi lililokuwa bustani yake juzi. Sikudhani alitaka kumwomba radhi ikashindikana.

"Usijilaumu, dada," Mashavu akasema. "Yule bibi aliweza. Nami nina kikombe changu cha kunawa. Naanza leo."

Akamwonyesha pembe aliyoichagua, karibu na ukuta, palipokuwa na jiko. Sikudhani akaonja. Palikuwa bado na ladha kidogo ya magimbi. Akamwambia ni mahali pazuri, wakaagana.

Njia ya kurudi kwao ilipita Wilaya ya Kwanza, na angeweza kuzunguka, lakini hakuwa mtu wa kukwepa aibu yake. Alimkuta Bi Nyamvula amekaa palepale pembeni, ukingoni mwa shimo la upana wa mkeka. Wataalamu walikuwa wamekuja na bendi, wakaung'oa ukoka na kunde pamoja na udongo wake mpaka chini, wakautia ndani ya sanduku la kioo, wakaupeleka mji mkuu watoto wauone. Kikongwe naye walimvika beji. Walikuwa wamemsaidia.

Sikudhani akapiga magoti, akamwambia kila kitu: mdogo wake, Baraza, kiapo alichokivunja, na kwamba hakupata hata alichokivunjia. Bi Nyamvula alimsikiliza mpaka mwisho, na Sikudhani akangoja alaaniwe. Angeshukuru kama angelaaniwa.

"Huyo mdogo wako," kikongwe akauliza hatimaye, "ameanza kumwaga maji?"

"Ameanza, mama."

Bi Nyamvula akafumba macho. Akaeleza kwamba wakubwa nao walifanya hivyohivyo miaka ile ya mwanzo, walimwaga maji siku ya kwanza, kwa ngoma na hotuba. Udongo uliovuliwa nguo hautaki maji. Ukiumwagia, jua huyavuta, nayo hupanda na chumvi yote ya chini, ikaganda juu, na baada ya hapo usitazamie kitu, hata ungemwaga mto. Miaka yake miwili ya kwanza hakutia tone. Alifunika tu. Nywele zake alizozinyoa, matambara, majivu, maganda, ngozi ya viatu vya wanawe, chochote kilichowahi kuwa hai. Siku ile ulipokuja, akasema, nilikwambia miaka tisa ya maji. Hukuniuliza ya kabla.

Mwonja udongo mzima! Lakini udongo wake ulikuwa wa nchi hai. Wa nchi iliyokufa hakuna aliyemfundisha.

Akageuka palepale. Alirudi Lulunde kwa mwendo wa siku mbili, na mfukoni bado ana ile hati ya kiwanja, amesahau kuitupa. Lango lilikuwa limefungwa na Mwaka wa Ukimya, ambao walio ndani hawasemezani na walio nje, umekwisha kuanza. Bwana mdogo wa langoni, mwenye adabu nyingi, alimweleza utaratibu. Wakazi wa Mfano wanahesabiwa kuwa wako Kule. Ujumbe unapokelewa, tena kwa furaha, lakini utakaa kwenye kisanduku siku mia mbili na kumi kabla ya kufikishwa, kwa sababu ndio muda wa safari mpaka Kule. Kupaza sauti juu ya ukuta hakukatazwi kwa mgeni. Ni mkazi atakayesikia sauti hiyo ndiye atakayenyimwa maji siku tatu, ili jaribio lirudi sawa.

Sikudhani aliandika ujumbe wake. Funika, usimwage. Bwana mdogo akaupokea kwa mikono miwili, akautia kisandukuni, akamtakia safari njema.

Hakuondoka. Alifuata ukuta kwa nje, akihesabu hatua, mpaka alipofika penye ile pembe. Ukuta ule haukuzidi unene wa tofali mbili. Jua lilikuwa utosini. Akaegemeza kiganja, tofali zikamchoma, akakiacha hapohapo.

Upande wa pili mlango ukalia. Nyayo zikaja polepole, zikasimama. Sikudhani aliijua hatua ile tangu ilipokuwa ya mtoto anayejifunza kutembea kwa kushika kanga yake. Akajiziba mdomo kwa mkono mwingine, akaukaza.

Kisha akasikia maji yakimwagwa, kidogo kidogo, kwa uangalifu, mpaka tone la mwisho.